Ngazi Ukutani: Istilahi za Fizikia na Mzigo wa Kitenzi

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kufundishia sayansi umeendeshwa kwa muda mrefu kana kwamba ni mjadala wa kuhesabu nomino. Anayekitilia shaka Kiswahili huuliza istilahi ziko wapi. Anayekitetea humwonyesha orodha. Na orodha zipo. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na usanifishaji wa istilahi umekuwa sehemu ya kazi zake. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno kama kani, mchapuko, wenzo, egemeo na msuguano yamekwisha kupata makazi katika maandishi ya Kiswahili. Kwa hiyo swali la kuwapo au kutokuwapo kwa istilahi lilijibiwa zamani, na anayeendelea kuliuliza anauliza jambo ambalo rafu za maktaba zinaweza kumjibu.

Hoja inayotolewa katika makala haya ni kwamba jibu hilo, ingawa ni sahihi, ni jibu la swali dogo. Fizikia haikai katika orodha ya nomino. Hukaa katika sentensi zinazounganisha nomino hizo, na katika Kiswahili mhimili wa sentensi ni kitenzi pamoja na viambishi vyake. Orodha zetu za istilahi zimetunza nomino na kuviacha vitenzi vijitafutie njia vyenyewe. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kuyajua majina yote ya tatizo na bado asiweze kulifikiri.

Ili hoja hii isibaki hewani, makala yanachukua tatizo moja ambalo kila mwanafunzi wa fizikia hukutana nalo: ngazi, au ufito wowote, iliyoegemezwa ukutani na kusimama bila kuteleza. Ni tatizo la kale, ni dogo, na linatosha kupima lugha.

2. Ngazi na Hesabu Yake

Ichukuliwe kwamba ngazi yenye urefu wa meta 5 imeegemezwa kwenye ukuta wima. Mguu wake uko meta 3 kutoka ukutani. Kwa hiyo ncha yake ya juu inagusa ukuta kwenye kimo cha meta 4. Uzito wa ngazi ni nyutoni 200, na kwa kuwa ngazi ni sare kutoka mguuni hadi nchani, uzito huo unaweza kuhesabiwa kana kwamba wote umekaa katikati. Ukuta ni laini kabisa, yaani hauna msuguano. Sakafu si laini.

Kani zinazoihusu ngazi ni nne. Uzito unaivuta chini. Sakafu inaisukuma juu. Ukuta unaisukuma kwa mlalo, kuelekea mbali na ukuta. Msuguano wa sakafu unaushika mguu kwa mlalo, kuelekea ukutani. Ili ngazi iwe katika msawazo, masharti matatu hayana budi kutimia: kani za wima zilingane, kani za mlalo zilingane, na athari za kuizungusha ngazi zilingane.

Sharti la kwanza linasema kwamba sakafu inasukuma juu kwa nyutoni 200. Sharti la pili linasema kwamba msuguano ni sawa na kani ya ukuta, lakini halisemi ni kiasi gani. Sharti la tatu ndilo linalotoa kiasi. Momenti zikipimwa kutoka mguuni, uzito uko umbali wa mlalo wa meta 1.5, na momenti yake ni nyutoni-meta 300; kani ya ukuta iko kwenye kimo cha meta 4. Kani hiyo haina budi kuwa nyutoni 75, kwa kuwa 75 mara 4 ni 300. Msuguano nao, basi, ni nyutoni 75.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba mpaka hapa haijasemwa lolote kuhusu ukali wa sakafu. Nyutoni 75 ni msuguano unaohitajika ili ngazi isimame. Swali la pili ni tofauti: je, sakafu inaweza kuutoa? Kila jozi ya vitu vinavyogusana ina uwiano wake kati ya msuguano mkubwa kabisa unaowezekana kabla ya kuteleza na kani inayovikandamiza. Uwiano huo ukiwa 0.5, sakafu hii inaweza kutoa hadi nyutoni 100. Kwa kuwa 75 haizidi 100, ngazi inasimama.

Kwa hiyo yapo mambo mawili: kinachohitajika na kinachowezekana. Kuyatenganisha mambo haya mawili ndiyo elimu yote ya tatizo hili.

3. Kosa na Gharama Yake

Walimu wa fizikia wanalijua vizuri kosa linalotokea hapa. Mwanafunzi amekariri kwamba msuguano ni sawa na uwiano mara kani inayokandamiza. Anazidisha 0.5 kwa 200, anapata 100, na anaandika kwamba msuguano ni nyutoni 100. Hesabu ya kuzidisha ni sahihi, lakini fizikia imepotea. Maana ukuta unasukuma kwa nyutoni 75 tu, na kama sakafu ingekuwa inasukuma kwa nyutoni 100, zingebaki nyutoni 25 zisizo na mpinzani, na ngazi iliyosimama tuli ingepaswa kuondoka yenyewe na kuuingia ukuta. Hakuna aliyewahi kuiona ngazi ya namna hiyo. Mwanafunzi mwenyewe hajaiona. Lakini kanuni aliyoikariri haikumwachia nafasi ya kuuliza.

Kosa hili si la karatasi tu. Ichukuliwe kwamba fundi mwenye uzito wa nyutoni 600 anaipanda ngazi hiyohiyo. Sasa sakafu inakandamizwa kwa nyutoni 800, na msuguano mkubwa unaowezekana ni nyutoni 400. Msuguano unaohitajika, kwa upande wake, unaongezeka kadiri fundi anavyopanda: kila meta moja anayoipanda juu ya ngazi inaongeza nyutoni 90 juu ya zile 75 za mwanzo. Akiwa amepanda meta 2, zinahitajika nyutoni 255. Akiwa amepanda meta 3, zinahitajika 345. Akipita kidogo tu meta 3.6, kinachohitajika kinazidi 400, na mguu wa ngazi unateleza.

Ngazi hiyo ilisimama vizuri peke yake. Ilimstahimili fundi katika hatua zake za mwanzo zote. Ilimwangusha alipokuwa amebakiza chini ya theluthi moja ya safari yake. Mtu aliyefundishwa kwamba msuguano ni tarakimu moja isiyobadilika hana namna ya kulieleza tukio hili, wala namna ya kulitabiri. Anayejua kwamba msuguano hukua kwa kadiri unavyohitajika, mpaka ufike ukomo wake, anaelewa pia kwa nini mafundi waangalifu huuweka mguu wa ngazi kwenye umbali usiozidi robo ya kimo inachofika ukutani. Katika mwinamo huo, fundi huyohuyo akifika kileleni kabisa, msuguano unaohitajika ni nyutoni 175 tu, ilhali ukomo ni uleule wa 400.

4. Msuguano Usiosugua

Inafaa sasa kulitazama neno lenyewe. Kwa upande wa mofolojia, msuguano ni neno lililoundwa bila dosari. Kutokana na kitenzi sugua, kiambishi cha kutendana kinatoa suguana. Kisha kiambishi awali m- na kiishio -o vinatoa nomino, kama ilivyo kwa vutana na mvutano, au gongana na mgongano. Tena muundo huu una faida ya kisayansi ambayo aghalabu haitajwi. Kiambishi -an- kinahitaji pande mbili. Hakuna msuguano wa kitu kimoja. Sheria ya tatu ya Newton, aliyoichapisha mwaka 1687, kwamba kitu kinachosukuma kingine nacho husukumwa kwa kani iliyo sawa na iliyoelekea upande wa pili, imo tayari ndani ya -an-. Mwanafunzi wa Kiswahili anaibeba kinywani kabla hajaifikia darasani.

Tatizo liko kwenye shina. Kusugua ni kitendo chenye mwendo: husuguliwa sufuria, husuguliwa sakafu, husuguliwa miguu kwa jiwe. Ngazi iliyosimama haisugui chochote. Mwanafunzi anayelichukua neno kwa uzito wake atasema kwamba pasipo kusuguana hapana msuguano, na kwa hiyo ngazi isiyoteleza haina msuguano mguuni mwake. Akiambiwa kwamba upo, na unaitwa msuguano tuli, atapata neno la pili linalolikana la kwanza. Tuli ni hali ya kitu kilichotulia. Kusuguana ni kutotulia.

Ni vyema isidhaniwe kuwa huu ni udhaifu wa Kiswahili. Neno la Kilatini lililoenea katika lugha nyingi za Ulaya linatokana na kitenzi fricare, ambacho maana yake ni kusugua vilevile. Kijerumani kina Reibung, kutoka reiben, nacho ni kusugua. Hata wanasayansi wenyewe hawakulitenganisha jambo hili mara moja. Guillaume Amontons aliwasilisha kanuni zake za msuguano mjini Paris mwaka 1699. Charles-Augustin Coulomb, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1785, alipima mbali msuguano wa vitu vilivyotulia vinavyotaka kuondoka na ule wa vitu ambavyo tayari vinakwenda. Baadaye lugha zilifuata. Vitabu vya Kijerumani vya mekanika ya uhandisi hutofautisha Haftung, kushikamana, na Reibung, kusuguana. Kifaransa nacho kina adhérence kando ya frottement. Lugha hizo zilirithi shina lilelile linalopotosha, na zikalisaidia kwa shina jingine.

Kiswahili cha kila siku, kwa bahati njema, kimekwisha kupiga hatua ambayo vitabu havijaifuata. Magazeti yanapoandika kwamba upo msuguano kati ya pande mbili, hayamaanishi kwamba pande hizo zimepigana au zimesogezana. Yanamaanisha kwamba kila upande umeshikilia msimamo wake, unaukaza mwingine, na hakuna aliyeteleza bado. Huo ni msuguano tuli hasa. Inashangaza kidogo kwamba mwandishi wa habari za siasa amelitumia neno kwa usahihi ambao mwanafunzi wa mekanika anaukosa.

5. Kazi ya Vitenzi

Kama shina la nomino linapotosha, ni nini kinachoweza kulirekebisha? Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba Kiswahili tayari kina vyombo vya kulifikiri tatizo la ngazi, na karibu vyote vimo katika kitenzi.

Cha kwanza ni -nge-. Swali gumu katika tatizo hili si ukubwa wa msuguano bali uelekeo wake. Ufafanuzi unaokaririwa kwamba msuguano huzuia mwendo hausaidii, maana ngazi haina mwendo wa kuzuiwa. Tena humpotosha mwanafunzi kabisa anapofikia suala la kutembea, ambapo msuguano wa ardhi huusukuma unyayo mbele, kule kule aendako mtembeaji. Kinachouamua uelekeo ni sharti lisilotimia: mguu wa ngazi ungekwenda wapi lau sakafu ingekuwa laini? Ungeondoka ukutani, kwa hiyo msuguano umeelekea ukutani. Unyayo ungekwenda wapi lau ardhi ingekuwa utelezi? Ungerudi nyuma; kwa hiyo msuguano umeelekea mbele. Kiambishi kimoja cha silabi moja kinabeba wazo zima la kani inayojulikana kwa tukio ambalo halikutokea. Mtoto wa miaka mitano anakitumia bila kufundishwa. Ni ajabu kwamba kinafundishwa katika kipindi cha sarufi na kusahauliwa katika kipindi cha fizikia.

Cha pili ni -me- ya hali. Vitenzi kama simama, egama, lala na shika, vikipewa -me-, haviripoti tukio lililopita. Vinaeleza hali inayoendelea. Ngazi imesimama. Ngazi imeegama. Anayesema ngazi inasimama anaeleza jambo jingine: kwamba ina kawaida ya kusimama, au kwamba ndiyo inainuka sasa. Msawazo wa vitu vilivyotulia ni hali inayodumishwa na kani zilizopo sasa hivi, si matokeo ya kani zilizokwisha. Tofauti ya imesimama na inasimama inalisema hilo kwa ufupi kuliko fasili nyingi.

Cha tatu ni mkabala kati ya kuwa sawa na kutozidi. Msuguano wa kitu kinachokaribia kuteleza ni sawa na ukomo wake. Msuguano wa kitu kilichosimama hauzidi ukomo wake. Kosa lililoelezwa katika sehemu ya tatu ni kosa la kitenzi: "ni sawa na" imewekwa mahali pa "hauzidi". Fasili ya kamusi ikikosea hapa, haitasaidia kitu kwamba nomino zake zote ni sanifu.

Cha nne ni kauli ya kutendeka, hasa katika ukanushi. Ichukuliwe sasa kwamba ukuta nao una msuguano. Zinapatikana kani nne zisizojulikana: mbili za sakafu na mbili za ukuta. Masharti ya msawazo yamebaki matatu. Kwa masharti hayo peke yake kani hizo hazibainiki. Si kwamba mwanafunzi hajui, wala si kwamba mwalimu hakueleza. Zenyewe hazibainiki mpaka ijulikane zaidi kuhusu jinsi ngazi, ukuta na sakafu vinavyobonyea, au jinsi ngazi ilivyowekwa. Kauli ya kutendeka inauondoa udhaifu kwa mtu na kuuweka katika tatizo lenyewe, mahali unapostahili. Mwanafunzi aliyezoezwa kusema hazibainiki badala ya sijui amejifunza fizikia, na amejifunza pia unyofu wa kielimu.

Cha tano ni kitenzi ambacho mafundi na madereva wanakitumia kila siku: shika. Breki zimeshika, au hazikushika. Tairi lililokwisha halishiki barabara. Ngazi imeshika, panda. Hapa pana jina la mtaani la kani ileile ambayo vitabu vinaiita msuguano tuli, na jina hilo halina mgongano wa ndani. Kitu hushika bila kusugua. Kushika kuna kiwango, maana tunasema kimeshika kidogo au kimeshika barabara. Tena kushika kuna ukomo, maana kilichoshika kinaweza kuachia. Na kuachia ndiko hasa kunakotokea fundi anapopita ile meta 3.6.

6. Egemeo na Nukta

Mfano mwingine unaonyesha jinsi nomino nzuri inavyoweza kufunga mlango isipofuatwa na sentensi. Katika somo la nyenzo, mwanafunzi wa shule ya msingi hujifunza maneno matatu: egemeo, mzigo na jitihada. Egemeo ni neno zuri. Limetoka katika egemea, na kila mtoto aliyeona mtaimbo ukilazwa juu ya jiwe ili kung'oa kisiki analielewa.

Baadaye mwanafunzi huyo anaifikia ngazi, na anaambiwa apime momenti. Anatafuta egemeo. Ngazi imeegemea ukuta. Kwa hiyo, kwa mantiki ya lugha, egemeo liko ukutani. Mwalimu anapima momenti kutoka mguuni. Mwanafunzi mwingine, mjanja zaidi, anazipima kutoka nchani na anapata jibu lilelile. Hapa lugha inahitaji kusema jambo ambalo neno egemeo haliwezi kulisema: kwamba kitu kilicho katika msawazo hakizunguki kwenye nukta yoyote, na kwa hiyo momenti zinaweza kupimwa kutoka nukta yoyote, hata isiyogusa kitu. Mguu huchaguliwa kwa sababu kani mbili zisizojulikana zinapita hapo na kuondoka katika hesabu. Ni nukta iliyochaguliwa, si egemeo.

Hakuna haja ya kulifukuza neno egemeo. Linahitaji kuwekewa mpaka, na mpaka huo hauwekwi kwa nomino nyingine. Unawekwa kwa sentensi yenye kitenzi chagua.

7. Mapingamizi

Yapo mapingamizi matatu yanayostahili kujibiwa.

La kwanza ni kwamba vitenzi kama shika na zidi ni vya lugha ya kawaida, na kazi ya vyombo vya istilahi ni lugha ya kitaalamu. Pingamizi hili linasahau kwamba kani na kazi nayo yalikuwa maneno ya kawaida kabla ya kupewa mipaka. Neno huwa la kitaalamu kwa kuwekewa mipaka ya matumizi, si kwa ugeni wake. Kitenzi nacho kinaweza kuwekewa mipaka, na pasipo mipaka hiyo nomino inayokitegemea inayumba.

La pili ni kwamba hesabu ina alama zake, na alama hazihitaji Kiswahili wala lugha nyingine. Ni kweli kwamba alama ya kutozidi inaandikwa kwa namna moja Dar es Salaam na Berlin. Lakini alama haijichagui. Mwanafunzi aliyeandika alama ya usawa mahali pa alama ya kutozidi hakukosea alama; alikosea sentensi aliyoisema moyoni kabla ya kuandika.

La tatu ni zito zaidi. Inasemwa kwamba nchini Tanzania fizikia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na hivyo juhudi zote hizi ni za kuandaa nyumba isiyo na mpangaji. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliutaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini desturi ya madarasa ya sekondari haijageuka. Hata hivyo mpangaji yumo tayari. Yeyote aliyekaa nyuma ya darasa la sekondari anajua kwamba mwalimu huandika ubaoni kwa Kiingereza na, anapoona nyuso zimefifia, hugeuka na kueleza kwa Kiswahili. Maelezo hayo ya mdomo ndiyo yanayobeba uelewa, nayo hayakuandikwa popote, hayakukaguliwa na yeyote, na kila mwalimu anayabuni upya. Mmoja anasema msuguano ni sawa na. Mwingine anasema hauzidi. Mwanafunzi wa kwanza na wa pili wataingia mtihani mmoja, na baadaye huenda wakapanda ngazi moja. Maadamu Kiswahili kinafanya kazi hiyo kila siku bila kutambuliwa, kukiandalia sentensi zilizo sahihi si anasa ya kisera. Ni wajibu wa kitaaluma ambao hauhitaji kusubiri tamko.

8. Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kwamba neno msuguano liondolewe. Neno lililokwisha kuota mizizi halingolewi kwa sababu ya etimolojia, na lugha nyingine zimeishi na shina hilohilo kwa karne kadhaa. Hayapendekezi pia nomino mpya ya kushika. Nomino hiyo, ikihitajika, itakuja, na mafundi huenda wakaileta kabla ya kamati.

Yanayopendekezwa ni mambo matatu. Kwanza, kidahizo cha istilahi ya sayansi kisiishie kwenye fasili ya nomino. Kibebe vitenzi vyake na sentensi moja au mbili zinazoonyesha jinsi istilahi hiyo inavyofanya kazi. Chini ya msuguano pawepo shika, achia, teleza na hauzidi, na pawepo sentensi yenye -nge-. Pili, istilahi zisipitishwe kwa orodha bali kwa tatizo. Kabla ya kundi la maneno ya mekanika kuidhinishwa, mwalimu mmoja wa fizikia na mwanaisimu mmoja waketi na kulitatua kwa Kiswahili tatizo zima la ngazi, kutoka mchoro hadi jibu, pamoja na fundi akipanda. Neno linalokwama katikati ya hesabu lirudishwe. Tatu, idara za Kiswahili za vyuo vikuu ziwape wanafunzi wa uzamili utafiti wa aina hii: si kukusanya istilahi, kazi ambayo imefanywa na inaendelea kufanywa, bali kurekodi na kuchambua Kiswahili ambacho walimu wa sayansi wanakitumia ubaoni wanapoacha kusoma kitabu na kuanza kueleza.

Kazi ya namna hiyo itaonyesha makosa mengi, na itaonyesha pia ustadi mwingi ambao haukuwahi kuingizwa katika kamusi. Kiswahili kimekuwa na nomino za fizikia kwa miongo kadhaa. Sasa kinadaiwa sentensi zake, na mtu wa kwanza kulipwa deni hilo anapaswa kuwa mwanafunzi anayeandika nyutoni 100 mahali pa 75, bila mtu wa kumwambia kwamba kosa lake lilikuwa la kitenzi.